Mimi dereva, mama wa chai konda

Pale kazini hakuna jambo ambalo mama wa chai aliwahi kunishinda. Mshahara namzidi. Kiti changu kina magurudumu na kinazunguka, chake ni ndoo iliyopinduliwa. Naitwa bosi, hata na watu wanaonidai. Ijumaa ile akanishinda, tena hadharani, idara nzima ikishuhudia, kwenye foleni ya kupima presha.

Ilikuwa siku ya afya kazini. Siku hiyo unaijua, msomaji: turubai limefungwa kwenye maegesho, meza mbili, viti vya plastiki, mzani wa kukutia aibu na manesi wawili. Tangazo lilisema kupima ni hiari, ila majina ya waliopima yatapelekwa utumishi. Hiari ya namna hiyo tumeizoea.

Mama wa chai alinitangulia. Ana miaka 58, mwembamba, anatembea upesi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Na jiko lenyewe liko chini kabisa, sisi tuko ghorofa ya nne, na lifti yetu ilikufa kabla ya sensa iliyopita. Kwa hiyo kila siku anapandisha chupa mbili za chai, moja kila mkono, anashuka, anarudi na vitumbua, anashuka, anarudi kukusanya vikombe. Nesi akamfunga kile kitambaa, mashine ikavuma, ikanyamaza.

"118 kwa 76," nesi akatangaza kwa sauti ya mnadani. "Safi sana mama, kama msichana!"

Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ikafika. Mashine ikavuma, ikatulia, ikaamka tena na kunikaza upya kana kwamba haiamini inachokiona. 162 kwa 98. Nesi hakusema "kama mvulana". Aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, umekuja na nani?"

Nimekuja na nani! Swali hilo peke yake linatosha kumpandishia mtu presha. Nikapanda ngazi kurudi ofisini nikiwa na hasira, na ghorofa ya pili nikasimama kidogo kupokea simu ambayo haikuita.

Sasa mimi si mtu wa kukubali hukumu bila kukata rufaa. Mchana ule sikufanya kazi ya mwajiri. Nilisoma. Nikagundua kwamba presha ina taratibu za kupimwa, na kwamba utaratibu hata mmoja haukufuatwa. Mtu anatakiwa akae kimya dakika tano. Mgongo uegemee, miguu yote miwili ikanyage chini, kibofu kiwe kitupu. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Kitambaa kifungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Na asiongee. Mimi nilikuwa nimetoka kunywa kahawa, nimekunja nne, haja ndogo imenibana, kitambaa kiko juu ya shati la mikono mirefu, mkono unaning'inia kama nguo kwenye kamba, na mdomo unabishana na mhasibu kuhusu posho ya safari.

Tena kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walioupima mkono huohuo unaoning'inia. Matokeo yao yalitoka mwaka 2024: ukiupakata mkono mapajani, namba ya juu inaongezeka karibu 4 ambazo si zako. Ukiuacha uning'inie, inaongezeka zaidi ya 6. Kile kitambaa cha kujaza upepo Mtaliano Scipione Riva-Rocci alikitambulisha mwaka 1896. Miaka zaidi ya mia moja na ishirini, na bado kuna mtu ananipima kupitia shati!

Jumatatu nikaenda zahanati ya mtaani nikiwa na madai yangu kichwani kama wakili. Nikaenda msalani kwanza. Nikakaa dakika tano nikitazama bango la kunyonyesha. Nikakunja shati, nikaweka mkono mezani, na nesi aliponisalimia nikamjibu kwa kichwa, akadhani nina maringo. Akapima mara mbili.

148 kwa 94.

Rufaa nimeshinda, kifungo kiko palepale. Mstari wa mahakama ni 140 kwa 90, na mimi niko ng'ambo kwa namba zote mbili hata mkono ukilazwa juu ya mto wa hariri. Daktari akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi, akaniambia nirudi baada ya mwezi, kisha akanitajia orodha ya vitu ambavyo nilikuwa naviita maisha.

Kinachonikera zaidi katika ugonjwa huu ni kwamba hauumi. Malaria ni adui muungwana: inakutetemesha, inakutapisha, unajua mko vitani. Presha inakaa ndani kama mpangaji asiyelipa kodi wala kupiga kelele, siku unayosikia sauti yake ndiyo siku anavunja ukuta. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Wanakula chipsi kwa amani. Niliwaonea wivu.

Nilipotoa malalamiko haya mbele ya shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyekuja Jumapili akifuata harufu ya nyama, yeye akacheka. "Shemeji, acha kuwasikiliza hao. Wamasai wanakula nini? Nyama, maziwa, damu. Umewahi kuona Mmasai kaanguka kwa moyo?" Akachukua kipande cha mbavu chenye mafuta ya kutosha kuwashia kibatari.

Hoja ilinipendeza sana. Ndiyo maana nilifanya kosa la kwenda kuichunguza. Kweli, miaka ya 1960 daktari wa Kimarekani, George Mann, alikuja kwetu na wenzake akawapima Wamasai, na akakuta maradhi ya moyo ni haba mno pamoja na mafuta yote yale wanayokunywa kwenye maziwa. Hapo ndipo shemeji aliposomea, akafunga kitabu. Mimi nikafungua ukurasa wa pili. Mwaka 1972 Mann alichapisha matokeo ya kuichunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Mishipa ya moyo ilikuwa imejengeka utando mnene wa mafuta kwa kiwango kilekile cha wazee wa Kimarekani. Mafuta hayakumwogopa mtu kwa sababu kavaa lubega. Tofauti ilikuwa kwamba mishipa yenyewe ilitanuka kadiri umri ulivyokwenda, njia ikabaki pana, damu ikapita. Mann mwenyewe alidhani kwamba kilichoitanua ni miguu: watu wale wanatembea kutwa nyuma ya ng'ombe.

Nikampigia shemeji kumsomea. Akasema yeye pia anatembea. Shemeji huyu nyumba yake na yangu zimetenganishwa na msikiti na duka la dawa, na huja kwangu kwa bodaboda. Akifika anadai nimlipie.

Basi nyama ikapunguzwa. Lakini msiba mkubwa ulikuwa chumvi.

Siku moja narudi nyumbani nakuta mama watoto kaweka mezani sahani nyeupe, tupu, na katikati yake kijiko cha chai kilichojaa chumvi. Kijiko kilichosawazishwa, si cha mlima. Kando kakaa yeye, mikono kifuani. "Unakiona hiki? Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu tano. Hiki kijiko ni kama gramu tano." Akachukua kisu, akapunguza kidogo kwa ncha, kama mtu anayekata pembe ya sabuni. "Hiyo iliyobaki ni ya asubuhi mpaka usiku. Ukitoa ya kwenye mkate. Ukitoa ya kwenye mchuzi wa kazini. Ukitoa ya zile karanga unazoficha kwenye droo."

Nikauliza karanga zipi. Akaziweka mezani.

Nataka uelewe hali yangu, msomaji. Mimi chumvi huitia kabla ya kuonja. Pale kwa kijana wa chipsi, ile chupa ya maji aliyotoboa kizibo kwa msumari wa moto, yeye huitikisa mara mbili na mimi humpokonya nikaitikisa mara tatu, ndipo nauliza bei. Nikila yai la kuchemsha lile la kuuzwa barabarani, yai ni kisingizio tu, ninachokula ni kile kikaratasi cha chumvi. Na siko peke yangu: wastani wa dunia, kwa hesabu za shirika hilohilo, ni karibu gramu 11 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kijiko cha mama watoto.

Nikajitetea kwamba presha ni ya kurithi, ya ukoo. Hapo akanikumbusha kwamba baba yangu alifariki na miaka 91 kijijini na hakuwahi kumeza kidonge zaidi ya aspirini, naye ukoo ni uleule. Nikanyamaza, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma habari ya Waluo.

Watafiti walikwenda vijijini kaskazini mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, ambako presha ya watu ilikuwa chini. Wakawafuata vijana waliofunga virago kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ukoo mmoja, ardhi moja, damu moja. Ripoti ilitoka mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza. Waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti haikungoja uzee, ilionekana mapema tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, ilikuwa imepanda, na potasiamu, ile ya kwenye mboga, viazi vitamu na matunda, imeshuka. Na kilo zimeongezeka.

Mimi niliingia Dar es Salaam mwaka 1993 nikiwa na begi moja na barua ya mjomba. Siku zote nimekuwa nikidhani walionipokea stendi ni wapiga debe peke yao. Kumbe presha nayo ilikuwepo, imeshika bango lenye jina langu.

Nikatafuta njia ya mkato, maana mtu mzima hakosi njia ya mkato. Kule China lilifanyika jaribio kubwa katika vijiji 600, watu karibu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi, kwa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji wakala chumvi ya kawaida. Nusu nyingine wakapewa chumvi ambayo robo yake imeondolewa na kutiwa kloridi ya potasiamu. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: waliokula mchanganyiko walipata kiharusi kidogo zaidi, pungufu ya asilimia 14, na vifo vikapungua pia. Chakula kilekile, mapishi yaleyale, kilichobadilika ni pakiti tu! Hii ndiyo sayansi ninayoitaka, sayansi isiyonigusa sahani. Nikaenda duka la mtaani kuulizia. Muuzaji akafikiri sana, akaniuliza kama ni kwa ajili ya ng'ombe. Na hata ukiipata, mwenye matatizo ya figo asiiguse kabla ya kumwona daktari, potasiamu ikizidi mwilini inausumbua moyo wenyewe. Nikarudi nyumbani na ndimu kumi. Ndimu kwenye mchicha inajitahidi, siwezi kuisema vibaya. Ndimu kwenye yai ni dhambi.

Hayo yote nilikuwa tayari kuyameza. Lililonimaliza ni mabasi ya London.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliona wanaume wao wanaanguka kwa moyo na hawajui sababu. Daktari mmoja, Jerry Morris, akakimbilia mahali ambapo mimi nisingefikiria: kampuni ya mabasi. Wafanyakazi wa usafiri kama 31,000, umri wa miaka 35 hadi 64. Mabasi yale ni ya ghorofa mbili. Dereva na konda wanatoka mtaa uleule, mshahara haupishani sana, moshi wanaovuta ni mmoja, abiria wanaowatukana ni walewale. Ila dereva amekaa saa zote za zamu, na konda anapanda na kushuka kukata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku. Mwaka 1953 Morris akachapisha alichokikuta. Makonda walishikwa na moyo mara chache kuliko madereva, na walioshikwa, wachache zaidi walikufa papo hapo.

Nilipoisoma habari hiyo mlango ukafunguliwa, mama wa chai akaingia na chupa zake mbili, hata hatweti. Akanimiminia. Nikamtazama miguu. Akaniuliza kama viatu vyake vimechafua sakafu.

Nilijaribu kutoroka, nakiri. Nikasema labda ni unene tu, labda wanene ndio wanaopenda kukaa, hivyo basi usukani hauna kosa. Kumbe Morris alishaliwaza hilo kabla sijazaliwa. Alikwenda stoo ya sare za kampuni akaangalia vipimo vya suruali! Kweli, mwaka 1956 akaeleza kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makonda tangu wakiwa vijana. Nikapiga meza kwa furaha. Lakini furaha yangu haikufika mbali, kwa sababu alikuwa ameangalia na posta: watu wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu waliokaa. Na kadiri tafiti zilivyoongezeka miaka iliyofuata, hata viuno vikihesabiwa, miguu iliendelea kushinda. Morris mwenyewe akaanza kukimbia, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Wapinzani wake sijui walikuwa wamekaa wapi.

Konda wetu wa daladala hana ngazi, ana mlango, na hapo ananing'inia. Sijui tumweke upande gani.

Kwa nini miguu? Kwa sababu ndani ya mshipa kuna utando mwembamba, unene wa seli moja, na huo ndio mwenye amri. Damu ikipita juu yake kwa kasi, kama inavyopita mtu anapopanda ngazi na chupa mbili za chai, utando unatoa hewa ya naitriki oksaidi, inayoiambia misuli ya mshipa ilegee. Mshipa unatanuka, presha inapata nafasi. Mtu akikaa, amri haitoki mara kwa mara, na mshipa unaosukumwa mwaka hadi mwaka unakuwa mgumu kama mpira wa maji ulioachwa juani. Siri ya utando huo ilifichuka kwa makosa: msaidizi katika maabara ya Robert Furchgott kule New York alikosea maelekezo, kipande cha mshipa wa sungura kikalegea mahali walipotarajia kikaze, na katika kutafuta sababu wakaja kutambua kwamba siku zote wao wenyewe ndio walikuwa wakiukwangua utando wakati wa kuandaa vipande. Ripoti ikatoka mwaka 1980, Nobel ikaja mwaka 1998. Kwetu msaidizi yule angepewa barua ya onyo, nakala kwa mwajiri na nakala kwenye faili.

Wiki hii fundi wa lifti amekuja, baada ya miaka yote ile. Kafungua kisanduku, kagusa nyaya, kasema kifaa kinaagizwa nje. Idara nzima ilimzomea. Mimi pekee nilimpa maji ya kunywa.

Na mama wa chai, ambaye kumbe alisikia presha yangu siku ile chini ya turubai kama walivyosikia wote, kanipa hukumu yake bila kunishauri. Jumanne saa nne chai ilifika kwa kila meza isipokuwa yangu. Nikamuuliza. "Ya kwako iko jikoni, baba," akasema. "Nimeifunika."

Ngazi ni 84 kutoka jikoni hadi kwenye kiti changu kinachozunguka, nimezihesabu. Ili nimfikie konda wa London aliye mvivu kuliko wote natakiwa nizipande mara sita kwa siku. Nimefika mara mbili, na ile simu isiyoita bado naipokea ghorofa ya pili.